Ungo haujaondoka jikoni

Jikoni kwa mama mdogo, kule Kasulu, mengi yamebadilika. Kuni zimebaki za kuchemshia maharage tu, mapishi mengine yote ni ya gesi. Kuna friji, kuna blenda aliyoletewa na binti yake kutoka Dar es Salaam, na kinu tulichokuwa tukitwangia kisamvu sasa kimelazwa uani, watoto wanakikalia. Lakini ukutani, kwenye msumari uleule ninaoukumbuka tangu sijaanza shule, umetundikwa ungo. Sio ungo uleule. Huu nadhani ni wa tano au wa sita. Kila mmoja ulipochakaa alinunua mwingine sokoni, wa mwanzi, uliosukwa na mtu.

Vitu vya kiwandani vimekuwa vikiingia katika nyumba ile miaka yote hii, na kila kimoja kilipoingia kilikalia nafasi ya kitu kingine. Nafasi ya ungo haijakaliwa. Hakuna mradi uliokuja kuuokoa, hakuna aliyeitisha semina juu yake, wala mama mdogo hajawahi kuniambia kwamba anautunza kwa ajili ya utamaduni. Anautunza kwa sababu Jumamosi ana debe la maharage ya kupepeta.

Nimemtazama akiifanya kazi hiyo mara nyingi, na bado sichoki. Anayarusha maharage juu kidogo tu, kiasi cha shubiri, na wakati yanaposhuka anauvuta ungo kuelekea kifuani. Kwa mvuto ule mdogo punje nzito zinarudi upande wake, makapi yanachelewa, yanasogea ukingo wa mbele na kudondoka yenyewe. Baadaye anabadili mwendo, anautikisa kwa kuuzungusha, na vijiwe vinajitenga mahali pake, anaviokota kwa vidole viwili. Uso wa ungo una ukwaru wa msuko, kwa hiyo punje haitelezi ovyo kama ingekuwa kwenye sinia la plastiki. Mwanzi ni mwepesi na unanesa, mkono hauchoki haraka. Wapo wanaousiliba kwa kinyesi cha ng'ombe na kuuacha ukauke ili matundu yazibe, huo ukawa wa unga na nafaka ndogondogo. Ukingo ukilegea, unashonwa upya. Karibu kila kitu katika umbo lile kina sababu yake, na sababu hizo zilipatikana kwa watu waliopepeta na watu waliosuka kukaa mtaa mmoja kwa muda mrefu, wakiambiana.

Naanza na ungo kwa sababu maelezo tunayopewa siku hizi kuhusu kazi za mikono hayaufikii. Tunaambiwa watu wanapenda kitu cha mkono kwa kuwa wamechoka na mashine, kwamba wanatafuta asili, kwamba kila kikapu kina hadithi. Maelezo hayo yanamtosha mtu anayenunua pambo la ukutani. Mama mdogo hajachoka na mashine. Angepata mashine ya kupepeta debe moja la maharage, inayoingia jikoni kwake na isiyokula umeme, angeinunua kesho na mimi ningemchangia.

Ninavyoona mimi, kazi ya mkono inadumu pale ambapo aliyeitengeneza na anayeitumia wako karibu kiasi cha kusemezana. Kitu kinakuwa na wa kuulizwa. Kikikubana, kikivuja au kikilegea, unajua pa kukipeleka na unajua utamkuta nani. Umbali ukiingia kati ya hao wawili, kazi hiyo inaanza kufa hata kama kila mtu anaisifu. Ukaribu ukibaki, inaishi hata kama hakuna anayeitaja. Na nikitafuta mahali pa kuyaonyesha haya, siendi makumbusho. Nakwenda Kibirizi.

Kibirizi ni mwalo wa Ziwa Tanganyika, ulio kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Hapo zinafika boti za mbao kutoka vijiji vya mwambao, kutoka Burundi na kutoka Congo ng'ambo, na mafundi wanaunda nyingine palepale mchangani, chini ya kivuli cha turubai. Sijaona mchoro wa karatasi mikononi mwao. Fundi analaza mkuku, anasimamisha mbavu, ambazo watu wa pwani huziita mataruma, halafu anaanza kuzivisha mbao moja baada ya nyingine, akikunja jicho na kupitisha kiganja kwenye ubavu kama mtu anayepapasa ng'ombe kabla ya kumnunua.

Siku moja nilikaa pale nikimtazama kijana akikalafati. Ana pamba iliyosokotwa ikawa kamba nyembamba, ina mafuta. Anailaza kwenye ufa kati ya ubao na ubao, anaisukuma ndani kwa patasi butu, anagonga kwa nyundo. Mwanzoni nyundo inatoa sauti ya kufifia, kwa kuwa pamba bado ina nafasi. Ikishashiba, sauti inakaza na kuwa kavu. Fundi wake, mzee mwenye mvi, alikuwa amempa mgongo, anazungumza na mwenye mzigo kuhusu bei ya mbao. Katikati ya mazungumzo, bila kugeuka, akasema, "Rudia hapo." Kijana akarudia. Mzee akaendelea na bei ya mbao.

Alichokisikia mzee yule ni maji, wiki tatu kabla hayajaingia. Na anasikiliza kwa makini namna ile kwa sababu boti haitakwenda mbali na macho yake. Itakuwa inapita hapo mbele yake karibu kila siku, imeandikwa jina, na watu wote wa mwalo wanajua ni mkono wa nani. Ikivuja, mwenye boti hatapiga simu ya huduma kwa wateja. Atakuja mwenyewe, amekunja suruali, atasimama pale kwenye mchanga.

Mtu asidhani kwamba mafundi hawa wanaikataa mashine. Nyuma ya boti hizo kuna injini zilizotengenezwa Japani, na wavuvi wa dagaa waliokuwa wakivua kwa karabai sasa wengi wanatumia taa za betri na sola. Hakuna aliyelilia karabai. Fundi alichofanya ni kuikata shetri, sehemu ya nyuma ya boti, kwa namna itakayoibeba injini, na kuongeza mbao pale mtikisiko unapochosha. Anayebeba mizigo ya kwenda ng'ambo anataka tumbo pana, anayevua usiku anataka boti inayogeuka upesi, na kila mmoja anasema anachotaka wakati mbao bado hazijakatwa. Boti ya kiwandani inakuja imeshaamuliwa.

Katika ziwa hilohilo tuna mfano wa upande wa pili, na ni mfano ninaoupenda sana. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, ambayo ilikuwa imefika ziwani mwaka 1914. Ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani walipokuwa wanakimbia waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Meli ile ni zao la kiwanda kikubwa cha mbali, lakini iliokolewa na watu wachache wenye makopo ya grisi, waliojua kwamba kuna siku mtu ataihitaji.

Na tangu hapo, kila Liemba inaposimama kwa matengenezo, inasimama kwa muda mrefu, kwa sababu meli ya namna ile inahitaji fedha nyingi, mkandarasi na vipuri vya kutoka mbali. Katika miaka hiyo ya kusubiri, watu wa vijiji vya kusini mwa ziwa hawakuacha kusafiri. Walipanda boti za mbao. Sisemi boti hizo ni salama kuliko meli. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa, upepo wake hubadilika ghafla, na tumezika watu waliopanda boti zilizojazwa kupita kiasi bila makoti ya kujiokolea. Ukaguzi ni lazima, na fundi mzuri haogopi mkaguzi. Ninachosema ni kwamba boti ya mbao inatengenezwa palepale ilipoharibikia, na kwa mtu wa mwambao hilo lina uzito kuliko sifa yoyote nyingine.

Basi nirudi kwenye yale yaliyokufa, maana nisipoyataja nitakuwa nadanganya. Koroboi imekufa. Nilisoma kwa koroboi, iliyotengenezwa na fundi bati kutoka kwenye kopo la maziwa, na asubuhi tulikuwa tukiamka na masizi puani. Ilikuwa kazi ya mkono, ilikuwa ya kwetu, ina ubunifu ndani yake, na ilipoondoka nilifurahi. Kitu kutengenezwa kwa mkono hakukipi haki ya kuishi milele. Lakini mtazame fundi bati mwenyewe. Hakuondoka pamoja na koroboi. Yuko sokoni bado, anapiga majiko ya mkaa, anakunja makarai, anatengeneza vipimo vya mawese na mapipa ya kuhifadhia nafaka. Aliyekuwa akimwuliza habari za taa sasa anamwuliza habari za jiko, na yeye yuko palepale kujibu.

Kikapu ni habari nyingine, na hii inaniuma. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wengi wetu tuliamini kwamba kikapu kinarudi. Niliwaambia hata ndugu zangu wanaosuka kwamba wajiandae. Kilichorudi ni mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa, ambao nao unatoka mashineni na nyuzi zake nyingi ni za plastiki vilevile. Ndani ya wiki chache uliziba pengo lote, na kikapu kikabaki pale kilipokuwa.

Kwa nini? Wengine watasema bei, na bei ilikuwapo, lakini sio yote. Mfuko mbadala ulimkuta mnunuzi pale anaponunulia nyanya, mkononi mwa muuza nyanya. Kikapu kilimtaka mtu atoke nacho nyumbani, na desturi hiyo tulishaipoteza miaka mingi kabla. Zaidi ya hapo, wasukaji walikuwa vijijini na wanunuzi mjini, katikati yao kuna mchuuzi asiyejua kusuka. Mama wa mjini alitaka kikapu chenye mpini mrefu wa kuvaa begani, kisichochana nguo, cha kukunjika kidogo ndani ya daladala. Hakuwa na wa kumwambia. Msukaji aliendelea kusuka kikapu kilekile alichofundishwa na bibi yake, kizuri kabisa, kwa matumizi ya mtu ambaye hayupo tena. Hawakukutana. Nafasi kama ile ya mwaka 2019 haiji mara mbili kwa kizazi kimoja, na tuliipoteza kwa sababu hakuna aliyefikiria kuwaketisha watu hao wawili kwenye benchi moja.

Vikapu vilivyopona ni vile vya mapambo, vinavyokwenda hotelini na ng'ambo. Siwalaumu akina mama wanaovisuka, fedha ile inalipa ada za shule. Lakini rangi na ukubwa huamuliwa na mtu ambaye msukaji hatamwona maisha yake yote, na siku mtu huyo akibadili fikra, oda inakatika bila maelezo.

Kuhusu nguo, Kigoma tuna mengi ya kusema. Mgeni akija hapa huagizwa vitu vitatu: dagaa, mawese na vitenge. Kitenge chenyewe ni ushahidi wa ajabu wa namna mkono unavyoiongoza mashine. Katika karne ya 19 viwanda vya Uholanzi vilijaribu kuiga batiki za Java, ambazo kule zilichorwa kwa nta, kwa mkono. Katika mashine, utomvu uliotumika badala ya nta ulipasukapasuka, rangi ikapenya na kuacha mishipa midogo kwenye kitambaa. Java hawakuipenda mishipa ile, Afrika Magharibi wakaipenda, na hadi leo viwanda vinaitia kwa makusudi. Kasoro iliyozaliwa kwa kujaribu kumwiga binadamu ndiyo iliyouza kitambaa. Siku hizi vitenge vingi tunavyovaa vinatoka Uchina, navyo pia vina mishipa hiyo.

Lakini kitenge kikifika Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma mjini, bado sio nguo. Kinapelekwa kwa fundi. Anapima, anauliza ni cha harusi au cha kanisani, anauliza kama mikono iwe mifupi. Akishona, ndani ya mshono wa ubavuni anaacha kitambaa cha akiba, upana wa vidole viwili, kwa sababu anajua dada huyu atazaa, atanenepa, au atamwachia mdogo wake. Miaka miwili baadaye mshono unafumuliwa na gauni linapanuka. Katika nguo ya dukani akiba ile haipo, kwa sababu aliyeikata hakuwa na wa kumfikiria. Mitumba ni mingi na ni rahisi, nayo sehemu kubwa huishia mezani kwa fundi huyohuyo, kupunguzwa kiuno.

Plastiki yenyewe nayo imeanza kupita mikononi mwa mafundi. Pitia mitaa ya pembeni ya soko utamkuta kijana ana kipande cha chuma kwenye makaa na uzi mgumu. Anashona mabeseni. Anatoboa matundu kwa chuma cha moto pande mbili za ufa, anapitisha uzi kama anafunga kiatu, anayeyusha kipande kingine cha plastiki juu yake, na beseni linarudi kisimani. Viti vya plastiki vilivyovunjika mguu vinashonwa kwa waya namna hiyohiyo. Aliyelitengeneza beseni hakuacha nafasi ya kutengenezwa tena, kijana ameitoboa mwenyewe. Nyumbani kwangu kuna beseni la bluu lenye mshono kama kovu la upasuaji, na kati ya mabeseni yote ndilo peke yake ninalojua historia yake.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuziinua kazi za mikono, ningependa mazungumzo yahame kutoka kwenye maonyesho na vyeti vya ushiriki yaende kwenye oda. Mwaka 2016 nchi nzima ilipokuwa inahangaika na madawati, maseremala wa mitaani walipata kazi, na dawati lililotengenezwa mtaa wa pili likilegea msumari, mwalimu anajua pa kuanzia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hilo ni jambo jema. Lakini fundi mwenye mkopo na asiye na oda ameongezewa deni tu. Vitanda vya mabweni, meza za zahanati, sare za shule, vihori vya chakula cha mifugo, hata mapipa ya taka: nusu ya hivyo vinaweza kutengenezwa ndani ya wilaya, na mtu wa kuulizwa akawa ndani ya wilaya. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa upo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mzee wa Kibirizi aliyesikia maji kwenye sauti ya nyundo anastahili karatasi hiyo kabla sikio lake halijachoka, ili yule kijana aweze kusema amefundishwa na nani.

Bei nayo tuiseme waziwazi. Vitu vingi vya mkono vinauzwa rahisi kwa sababu saa za mtengenezaji hazihesabiwi. Ungo unachukua siku nzima, ukihesabu kukata mwanzi, kuupasua, kuukwangua, kuusuka na kufunga ukingo. Tunaubishia bei kwa dakika kumi mpaka tunashusha shilingi mia tano, halafu tunanunua soda mbili. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, na nimeacha.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuwa anahamia Dodoma kwa mumewe. Mama mdogo akasema hawezi kwenda bila ungo, tukaenda sokoni Kasulu mapema. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, nyungo zake zimepangwa chini juu ya gunia, anasuka mwingine huku anauza. Mama mdogo alichukua mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole katikati, akausikiliza, akaurudisha. Akachukua wa pili, akapitisha kidole gumba ukingoni mwote kama anatafuta mwiba. Akasimama mahali pamoja.

"Hapa umeharakisha," alisema.

Yule mama aliupokea, akapatazama, akachomoa uzi uliokuwa kwenye kanga yake na kuanza kupashona upya palepale, hakujitetea. Tukasubiri. Alipomaliza, mpwa wangu aliuliza afanye nini ukingo ukilegea akiwa huko Dodoma.

"Mpe mtu wa basi," yule mama akamjibu, "mwambie ni wa mama wa nyungo, upande wa maharage. Utanifikia."

Tulimlipa alichotaja.